Siku Kumi na Nne za Rufaa ya Marehemu

Iko nchi ambayo ramani zake huchorwa na wizara yake yenyewe, na kwa sababu hiyo ni kubwa kuliko ilivyo. Watu wake ni wapole, viongozi wake ni wengi, na kila jambo litendekalo humo hutendeka kwa mujibu wa waraka. Jina lake sitalitaja. Sheria ya huko inataka atakayelitaja aombe kibali kwanza, nami nililelewa kutii sheria, hata za jirani.

Katika nchi hiyo palikuwa na Kampuni ya Tanzia ya Taifa. Kazi yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya heshima: kuwatangazia walio hai, kwa njia ya redio, majina ya waliowatangulia. Kila siku, saa saba na dakika kumi mchana, vijiko vilisimama njiani kati ya sahani na vinywa. Fundi wa baiskeli aliacha kugonga. Muuza duka aliinua kidole, na mteja akajua kuwa asiseme neno. Hapo ndipo Bwana Natanaeli Mguzo, msomaji wa tanzia kwa miaka ishirini na tisa, alipokohoa mara moja kando ya kipaza sauti na kuanza kusoma.

Alisoma kila jina kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake. Lakini sifa yake kubwa haikuwa sauti. Kabla ya kusoma, aliwaita wafiwa chumbani kwake, akawapa maji ya kunywa, kisha akawauliza swali lile lile siku zote: "Ni nani asipopata habari hii, ninyi hamtalala?" Jina alilotajiwa alilipigia mstari, na wakati wa kusoma alilitamka mara mbili, la pili polepole. Watu wa nchi ile waliliita jina la kurudiwa. Wachimbaji, madereva wa malori, wapishi wa kambi za mbali, wote walijua kwamba jina likirudiwa, mwenye jina ainuke afunge mzigo.

Naam, huo ulikuwa utaratibu wa kizamani, haukuwa na sera.

*

Mwaka ule Mkurugenzi Mkuu wa kampuni, Dakta Aloisi Pambalo, alikwenda ng'ambo kuhudhuria mkutano, akarudi na kikombe chenye jina lake pamoja na mashine. Kikombe kiliwekwa mezani. Mashine ilipewa chumba chenye kiyoyozi, kile ambacho zamani wafiwa walikuwa wakikalishwa na kupewa maji. Jina kamili la mashine lilikuwa Mfumo Jumuishi wa Akili Mnemba wa Uratibu na Usambazaji wa Huzuni.

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri, akakata utepe, akahutubia kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "wakoloni walituacha tukifa ovyo ovyo. Leo nasema, basi! Kuanzia sasa hakuna raia atakayekufa bila kuratibiwa!"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akamwuliza jirani yake, "Na kuratibiwa tukiwa hai, kutaanza lini?" Akasaidiwa kutoka nje.

Chombo chenye nguvu hakiachwi bila hatamu, na serikali ile ililijua hilo. Ilikuwa imetoa amri kwamba kila kampuni yenye akili mnemba iwe na sera ya kuitawala katika muda wa siku thelathini. Kazi hiyo alikabidhiwa Bibi Leokadia Njaro, Afisa Mkuu wa Utawala wa Akili Mnemba, mwanamke nadhifu, mwenye vyeti vinne ukutani na nafasi iliyoachwa kwa cha tano. Siku ishirini na nane alizitumia kutafuta sera bora. Siku ya ishirini na tisa akaipata. Ilikuwa sera ya benki moja ya nchi ya mbali, yenye kurasa mia moja na kumi, iliyosifiwa duniani kote kwa jinsi inavyowalinda wakopaji dhidi ya maamuzi ya mashine.

Bibi Njaro aliiamuru kompyuta iweke neno "marehemu" kila palipoandikwa "mteja", na neno "tanzia" kila palipoandikwa "mkopo". Kazi ilikamilika kabla ya chai ya saa nne.

Bodi ya Wakurugenzi iliipitisha sera hiyo kwa kauli moja. Kwa kuwa hapakuwa na mjumbe aliyeisoma, hapakuwa na mjumbe aliyekuwa na sababu ya kuipinga.

Ninavyo baadhi ya vifungu vyake, nami navinukuu bila kuongeza wala kupunguza. "Marehemu atajaza fomu ya ridhaa kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na akili timamu." "Marehemu mwenye historia ya kuchelewa atahesabiwa kuwa hatarishi." "Marehemu atajulishwa kwa maandishi kwamba uamuzi unaomhusu umefanywa na mashine, naye atakuwa na siku kumi na nne za kukata rufaa; tanzia haitatolewa kabla ya muda huo kwisha." "Hakuna tanzia itakayotolewa ikiwa na tarehe iliyokwisha kupita." Na kile cha mwisho, ambacho Mkurugenzi alikipenda mno hata akakitundika mapokezi: "Marehemu aliyeridhika atahimizwa kurudi tena, na kutuletea marehemu wenzake."

Kifungu cha kumi na tisa kiliagiza kwamba binadamu mmoja awepo karibu na mashine wakati wote. Bwana Natanaeli, aliyekuwa amebaki bila kazi, akateuliwa kuwa Binadamu wa Zamu. Alipewa kiti, shali ya kujikinga na kiyoyozi, na kitufe kimoja kilichoandikwa NIMERIDHIKA. Aliuliza kilipo kitufe cha kutoridhika. Akajibiwa kwamba hicho kimo katika awamu ya pili.

*

Jumatatu moja asubuhi alifika mapokezi mama mmoja mtu mzima, miguu yake ina vumbi la safari, kanga moja kaifunga kiunoni na nyingine kajitanda. Jina lake Bibi Kezia, mke wa Mzee Elikana Sambuko wa kijiji cha Mwakijuu. Siku hiyo Bibi Njaro mwenyewe alikuwa dirishani, kwa sababu sera ilikuwa changa na haikustahili kuachiwa makarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Nimefiwa."

"Pole sana, mama. Umekuja naye?"

"Na nani?"

"Marehemu. Fomu ya ridhaa hujazwa na mhusika."

"Binti yangu, angekuwa na uwezo wa kuja, mimi ningekuja kutafuta nini?"

Foleni ikacheka kidogo, kicheko cha watu waliofiwa. Bwana mmoja mnene nyuma yake akapaza sauti: "Mama, waambie wako anakuja! Wangu mimi nimemwacha bafuni anaoga!"

"Bwana wewe, nyamaza, hii ni ofisi," akasema Bibi Njaro. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua kurasa, akatafuta, akapata kwamba asiyeweza kuandika anaruhusiwa kutia dole gumba. Akampa mama yule fomu na kibweta cha wino.

Bibi Kezia alirudi hospitali ya wilaya, akaingia chumba cha maiti, akautoa mkono wa mumewe chini ya shuka. Dole gumba lile ndilo lililokuwa likipima kina cha shimo la mbegu kila mwanzo wa mvua. Lilikuwa pana, lina ufa ubavuni. Akalipaka wino, akalibandika kwenye karatasi, kisha akalipangusa kwa ncha ya kanga hadi likatakata, kwa maana Mzee Elikana hakupenda uchafu.

Alasiri akawa dirishani tena.

"Vizuri sana, mama. Sasa, marehemu aliwahi kuchelewa siku za nyuma?"

"Kuchelewa nini?"

"Jambo lolote."

Bibi Kezia akafikiri, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kusema kweli mbele ya wakubwa. "Alichelewa kuniposa. Miaka miwili alikuwa akipita tu njiani anasalimia."

Bibi Njaro akaandika: Hatarishi kiasi.

*

Bwana Natanaeli alimwona mama yule ukumbini, ameketi ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeazimwa mahali pa kukaa. Akatoka kwenye kiyoyozi chake, akamletea maji. Kisha, kwa mazoea ya miaka ishirini na tisa, akamwuliza:

"Mama, ni nani asipopata habari hii, ninyi hamtalala?"

Hapo ndipo Bibi Kezia alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

"Obadia," akasema. "Mwanangu wa kwanza. Yuko machimboni, sijui machimbo yapi. Waligombana na baba yake huu mwaka wa sita, akaondoka, simu yake haipatikani. Juzi baba yake anakata roho kaniambia, 'Udongo wa kwanza ni wa Obadia. Asitangulie mtu mwingine. Nataka ajue kwamba mimi na yeye tumekwisha patana.' Mazishi ni Alhamisi, baba. Hospitali wamesema friji lao halifiki Ijumaa."

"Machimboni wanasikiliza redio?"

"Nani asiyekusikiliza wewe?"

"Nitalirudia jina lake, mama. Nenda nyumbani."

Aliahidi kabla hajakumbuka kwamba si yeye tena anayesoma.

*

Mashine, nataka kuwa mwadilifu, haikukosea hata herufi moja. Iliandika tanzia ya Mzee Elikana kabla mtu hajafumba jicho, ikaipanga vizuri, ikaihifadhi. Kisha ikafanya kile ilichoamriwa na sera: ikangoja siku kumi na nne.

Bwana Natanaeli akapanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, maiti hangoji rufaa. Mazishi ni Alhamisi."

Dakta Pambalo alikunywa kutoka katika kikombe chenye jina lake. "Mzee Natanaeli, unanishangaza. Unataka nimnyang'anye marehemu haki yake? Leo tukimnyima haki mtu aliyekufa, kesho tutamnyima nani?"

"Hana la kukatia rufaa, mheshimiwa. Amekufa."

"Hilo ni dai. Zikiisha siku kumi na nne litakuwa uamuzi."

"Basi niruhusu niisome mimi, kwa kinywa changu, kama zamani. Dakika moja tu."

Mkurugenzi akafungua rejesta, akapitisha kidole ukurasa mzima kwa uangalifu. "Kinywa chako hakimo," akasema. "Hivi ndivyo vyombo vilivyoidhinishwa, na kinywa chako sikioni. Ulikisajili?"

"Nilizaliwa nacho."

"Ndiyo matatizo ya vifaa vya kizamani. Havina nyaraka."

Siku iliyofuata, saa saba na dakika nane, Bwana Natanaeli aliingia studio ya zamani. Akaketi, akakohoa mara moja kando, akasoma tanzia ya Mzee Elikana Sambuko wa Mwakijuu mwanzo hadi mwisho. Alilisoma jina la Obadia, akalirudia polepole. Alijua kwamba kipaza sauti kile sasa hufunguliwa na mashine peke yake, na kwamba taa yake nyekundu haikuwaka. Alisoma vivyo hivyo. Alipomaliza, alikaa kidogo, kama alivyozoea kuwaachia watu nafasi ya kuvuta pumzi.

Akapewa barua ya onyo kwa kutumia kinywa kisichosajiliwa.

Jumatano tarishi wa kampuni alifika chumba cha maiti akiwa na barua iliyosajiliwa. "Ndugu Marehemu," ilisema, "tunayo furaha kukuarifu kwamba ombi lako limepokelewa. Iwapo hukuridhika, fika ofisini kwetu mwenyewe, siku za kazi." Mlinzi aliitia sahihi kwa niaba.

*

Alhamisi ikafika. Jeneza likashushwa saa sita. Bibi Kezia akasimama kwenye ukingo wa kaburi, akainua mkono kuwazuia wenye makoleo hadi saa ya tanzia ipite.

"Redio imesema?" akauliza.

"Bado, mama," wakamjibu. "Imesoma wengine."

Hao wengine walikuwa wamekufa wiki tatu nyuma, na rufaa zao zilikuwa zimepita.

Wakangoja. Saa nane wakangoja. Saa tisa mchungaji akamkaribia, akamwambia kwa upole, "Mama Obadia, jua linatembea." Bibi Kezia akatazama barabara ya machimboni kwa mara ya mwisho. Kisha akageuka, akalipa kaburi mgongo.

"Anzeni," akasema. "Mimi sitazami. Sijui nani ametangulia."

*

Zilipotimia siku kumi na nne mashine iliandika kwenye kumbukumbu zake: Marehemu hakukata rufaa. Ameridhika. Na kwa kuwa sera ilikataza tarehe iliyokwisha kupita, ikaisogeza tarehe ya mazishi kwa utiifu hadi Alhamisi iliyokuwa ikija, saa sita mchana.

Tanzia ikamfikia Bwana Natanaeli kwa idhini ya mwisho. Aliisoma mara tatu, akamwita Bibi Njaro.

"Binti yangu, mtu huyu amekwisha zikwa. Wiki ya pili hii."

Bibi Njaro alisoma, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza unadhifu. Alikuwa na baba yeye pia, kijijini. "Sera haina kifungu cha aliyekwisha zikwa," akasema kwa sauti ndogo. "Nikiirudisha, itaanza upya. Siku kumi na nne nyingine. Na tarehe itasogezwa tena."

"Na nisipobonyeza?"

"Haitasomwa kamwe."

Bwana Natanaeli aliketi mbele ya kitufe chake kimoja. Akibonyeza, mwana atafunga safari kwenda kwenye mazishi yasiyokuwapo. Asipobonyeza, mwana hatajua kamwe kwamba hana baba, wala kwamba baba alimsamehe. Alijifunika shali, kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kikali. Kisha akabonyeza kwamba ameridhika.

Jumanne, saa saba na dakika kumi, sauti tamu ya mashine ikaitangaza nchi nzima. Jina la Obadia ikalisoma mara moja tu, kwa kuwa marudio ni upotevu wa muda wa hewani.

*

Mwakijuu nao waliisikia. Kilabuni watu waliguna.

"Mzee Elikana anazikwa mara ya pili," akasema mmoja. "Serikali imempenda mno."

"Mwache. Sisi wengine hata mara moja tutaibembeleza."

Lakini Bibi Kezia alizima redio, akachukua ufagio, akaanza kufagia ua, ule ua ambamo matanga yalikuwa yameanuliwa na magogo yamekwisha rudishwa kwa wenyewe. Akafagia mpaka kwenye njia. Jirani yake alimtazama kutoka uani kwake, akaweka chini ungo aliokuwa akipepeta. Jioni hiyo mabenchi ya kanisa yalirudi, hapana aliyeyaagiza. Kesho yake vikaja vyungu, vikaja kuni. Alfajiri ya Alhamisi wanaume wanne walikwenda makaburini na majembe. Jeneza hawakuligusa. Walilishusha tu tuta la juu, wakachimba kiasi cha magoti, wakauweka udongo kando, ukingoni, kama unavyowekwa siku zote.

Bwana Natanaeli alifika saa nne, amevaa koti lake la kusomea. Alikuwa amekuja kuomba radhi. Alipoona watu wamejaa, wanawake wamejifunga kanga vichwani, wazee wameshika fimbo, hakupata wa kumwomba. Akatafuta nafasi kwenye benchi, akaketi nao.

Obadia alifika saa sita kasorobo, amesafiri siku mbili. Alikuwa mtu mzima sasa, mabega mapana, kucha zake zina rangi ya ardhi. Mkononi alibeba blanketi jipya, la kumfunikia baba. Watu wakampisha. Akapita katikati yao hadi kaburini, akasimama.

Kijana yule alikuwa ameishi miaka sita ndani ya udongo. Alijua udongo uliochimbwa asubuhi na ule uliochimbwa wiki mbili zilizopita. Ndio uliokuwa ukimpa chakula na ndio uliokuwa ukiwaua wenzake. Alikitazama kile kishimo cha magoti. Aliliona donge lililokauka, na mche mwembamba wa jani uliokuwa umeota na kung'olewa. Akawatazama wazee, mmoja baada ya mwingine, na wazee wakatazama chini. Hata mchungaji alifungua kitabu mahali pasipohusika.

Mama yake alikuwa amesimama upande wa pili. Mwanamke yule, nimethibitishiwa na wote waliomjua, hakuwahi kusema uongo mbele ya mtu, hata dirishani pale, ambapo uongo mdogo ungemsaidia.

"Mama," akasema Obadia. "Baba mmemzika lini?"

Kimya kilikuwa kirefu. Bwana Natanaeli, aliyejua kupima vimya kuliko mtu yeyote katika nchi ile, hakuwahi kusikia kirefu kama hicho.

"Leo, baba," akasema Bibi Kezia. "Ulikuwa unangojwa wewe."

Obadia akalitandika blanketi, akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili.